Picha za Kusini, Mashine za Wapi?

Mteja anayejenga nyumba Mtwara siku hizi haridhiki na ramani ya mistari. Msimu wa korosho ukiisha na malipo ya mnada yakishapita kwenye AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, wachora ramani wa mjini hupata kazi, na wengi wanaowafuata wanataka kuiona nyumba kabla ya msingi kuchimbwa: bati la rangi gani, madirisha ya alumini yatakaaje, jua la jioni likipiga ukuta wa mbele patapendeza au hapana. Mchoraji anaijenga nyumba hiyo ndani ya ArchiCAD au SketchUp, anaotesha nyasi na minazi, anaegesha gari uani, halafu anabonyeza kitufe na kuiacha laptop ifanye kazi. Picha moja nzuri inaweza kula saa moja, mbili, hata usiku mzima, feni ikivuma na mashine ikichemka, na muda wote huo haitumiki kwa jambo lingine. Asubuhi mteja anatazama, anasema dirisha la sebule liongezwe upana, na kazi inarudi mwanzo.

Kurenda ndiko huko. Fundi amekwisha kupanga maumbo, rangi na taa. Kilichobaki ni kompyuta kukokotoa rangi ya kila nukta ya picha. Picha ya ukubwa wa kawaida wa televisheni, nukta 1,920 kwa 1,080, ina nukta zaidi ya milioni 2. Kwa kila nukta programu inarusha mamia ya miale ya kufikirika kuelekea ndani ya mandhari, inafuatilia kila mwale unapogonga ukuta, unaporuka kwenda kwenye kioo, unapozama kwenye maji, mpaka ufike kwenye taa au kwenye jua. Ikikatisha mapema, picha inajaa chengachenga. Hakuna ujanja wa fundi unaofuta hesabu hiyo kabisa. Unaweza kuipunguza tu.

Nyumba moja ni picha moja. Katuni au filamu ni jambo lingine. Televisheni zetu huonyesha fremu 25 kwa sekunde, kwa hiyo dakika moja ya katuni ni fremu 1,500. Chukua fremu nyepesi, ya dakika 10 tu kwenye kompyuta nzuri ya mezani. Dakika moja ya katuni inadai dakika 15,000 za mashine, yaani saa 250, siku kumi na zaidi bila kuzima. Kipindi cha dakika saba kingechukua zaidi ya miezi miwili, na hapo hatujahesabu makosa.

Bahati nzuri ni kwamba fremu ya 300 haihitaji kusubiri ya 299. Mandhari yakishapangwa, kila fremu inajitegemea. Kompyuta kumi zilizounganishwa kwa waya kwenye swichi moja, zikisoma faili kutoka diski moja ya pamoja, zinaimaliza ile dakika moja kwa saa 25 badala ya saa 250. Programu ndogo inayosimamia foleni inaiambia mashine ya kwanza ichukue fremu ya 1, ya pili ichukue ya 2, na kila inayomaliza inarudi kuomba nyingine. Iliyo na kasi inachukua nyingi, kongwe inachukua chache, na hakuna inayoizuia nyingine. Ndiyo klasta ya kurenda, kwa ufupi wake wote. Programu za foleni zipo za bure: Flamenco hutolewa na watengenezaji wa Blender, programu ya bure ya picha za pande tatu, na OpenCue ilitolewa kwa umma na Google pamoja na Sony mwaka 2019.

Swali langu katika uchambuzi huu ni la mahali. Klasta ya namna hii ikae wapi, ikiwa picha zinazohitajika ni za Mtwara, Mikindani, Msimbati na mlango wa Mto Ruvuma? Jibu linalokuja haraka ni kwamba haijalishi, maana hesabu ni hesabu popote ilipofanyiwa. Kwa kazi kubwa ya mwisho, jibu hilo lina nguvu. Kwa mtu anayejifunza au anayetafuta sura ya kazi yake, naona ni jibu baya, na sehemu kubwa ya makala hii inaeleza kwa nini.

Tuanze na ukubwa. Filamu ya Toy Story ya mwaka 1995, ya kwanza ndefu kutengenezwa yote kwa kompyuta, ilikuwa na fremu 114,240. Pixar waliikokotoa kwa mashine 117 za Sun, na jumla ilifika saa 800,000 za mashine. Kompyuta moja ya wakati ule ingeifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 90. Miaka 18 baadaye, kampuni ile ile ikatoa Monsters University. Prosesa zilikuwa zimeongezeka kasi maradufu kwa maradufu, klasta ikafikia viini 24,000, na bado fremu moja ilichukua wastani wa saa 29. Mtaalamu wa michoro ya kompyuta James Blinn aliliona jambo hili mapema: muda wa kurenda haupungui, kwa sababu msanii akipewa mashine yenye kasi zaidi anaitumia kasi hiyo kuongeza manyoya, vivuli na majani. Kwa hiyo anayesema tusubiri kompyuta ziwe na kasi ndipo tuanze, atasubiri milele.

Mfano unaotufaa zaidi ni wa Titanic, 1997. Kampuni ya Digital Domain ilikokotoa sehemu ya picha za filamu ile kwa mashine za Alpha zilizokuwa zikiendeshwa kwa Linux, mfumo wa bure uliotungwa kwa kujitolea. Wakati ule studio kubwa zilizoea mashine ghali za kampuni maalumu. Filamu hiyo ilithibitisha mbele ya dunia nzima kwamba kurenda hakudai mashine ya kifahari. Kunadai mashine nyingi za kawaida na mtu anayejua kuzifunga pamoja.

Afrika Mashariki imefika wapi? Mchoraji Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru, bara kidogo kutoka pwani yetu, katika nchi ile ile ya bonde la Ruvuma. Staili yake ilikua Dar es Salaam, ikaenea duniani, na mwaka 2010 ikageuka katuni ya watoto, Tinga Tinga Tales, iliyoonyeshwa na BBC. Katuni ile, sehemu 52 kwa jumla, ilitengenezwa Nairobi katika studio za Homeboyz kwa ushirikiano na kampuni ya Uingereza. Vijana wa Nairobi walijifunza kazi humo, na athari yake bado ipo katika tasnia ya Kenya. Dar es Salaam nako, watu wa shirika la Ubongo walianza kurusha Ubongo Kids Januari 2014 kupitia TBC, baadaye wakaleta Akili and Me, na vipindi hivyo leo vinatazamwa katika nchi nyingi za Afrika. Kazi zote hizo kwa sehemu kubwa ni za michoro bapa, ambayo kompyuta huitoa kwa sekunde chache kwa fremu. Hilo halipunguzi thamani yake hata kidogo. Linaeleza tu kwa nini tasnia yetu iliweza kukua bila klasta, na kwa nini anayetaka kuingia kwenye maumbo ya pande tatu anakuta ukuta mbele yake.

Kampala wameugonga ukuta huo kutoka pande mbili. Raymond Malinga na studio ya Creatures walitoa A Kalabanda Ate My Homework mwaka 2017, katuni fupi ya pande tatu, na Malinga akaja kuwa miongoni mwa waongozaji wa Kizazi Moto, mfululizo wa katuni wa Disney wa mwaka 2023. Upande wa pili yuko Isaac Nabwana wa mtaa wa Wakaliga, aliyetengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa kompyuta alizoziunganisha mwenyewe kwa vipuri. Milipuko na helikopta za filamu ile zinajulikana duniani kote. Wachache wanajua kwamba nakala yake halisi haipo tena: diski ilijaa, ikabidi ifutwe ili filamu inayofuata ipate nafasi. Nakala iliyosalia ni ile yenye sauti ya VJ Emmie akisimulia juu yake. Mtu anayepanga klasta ya kwanza hununua prosesa na kadi ya picha, na diski anaikumbuka mwisho. Kwangu mimi diski ndiyo ingekuwa ya kwanza kwenye orodha, tena mbili, moja ikae nyumba nyingine.

Kusini penyewe, picha zimekuwa zikikokotolewa kwa muda mrefu, ila mbali na kusini. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yalipimwa kwa miale ya leza na mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town, na kila jiwe la msikiti mkuu likawekwa kwenye kompyuta kama wingu la nukta. Kazi njema, na ya lazima, kwa sababu bahari inayala magofu yale. Kwenye utafutaji wa gesi ni zaidi. Kabla ya kuchimba kisima, kampuni hupeleka mitetemo ardhini au chini ya bahari, hurekodi mwangwi wake, kisha makundi makubwa ya kompyuta hugeuza mwangwi huo kuwa picha ya miamba ya pande tatu. Ndugu wa karibu wa kurenda ni huyu, maana hapa pia mashine inafuatilia mawimbi yanavyoruka kutoka tabaka moja hadi jingine. Mwaka 2022 eneo la Ntorya, mkoani Mtwara, lilipimwa hivyo kwa zaidi ya kilomita za mraba 300, na ARA Petroleum ya Oman ndiyo iliyoongoza kazi. Mtu wa Ntorya aliona magari na nyaya zikipita shambani. Picha iliyotokana nazo aliisikia tu.

Wapo wanaosema: basi kwa nini mashine hizo zisiwekwe hapa hapa, palipo na gesi? Gesi ya Ghuba ya Mnazi iligunduliwa mwaka 1982. Ilianza kuwasha taa za Mtwara karibu robo karne baadaye, mitambo ya mjini ikilisha Mtwara na Lindi kwa miaka mingi nje ya gridi ya taifa. Bomba la zaidi ya kilomita 500 kwenda Dar es Salaam likazinduliwa Oktoba 2015. Kabla ya hapo, Januari na Mei 2013, Mtwara ilipita katika vurugu juu ya bomba hilo, na watu walipoteza maisha. Kwa hiyo hoja ya kuweka kiwanda cha hesabu juu ya gesi ina uchungu wa kweli nyuma yake, na haifai kupuuzwa. Gesi inasafiri kwa bomba la mabilioni. Picha iliyokokotolewa inasafiri kwa waya mwembamba kama unywele. Ni rahisi kusafirisha matokeo kuliko nishati.

Hata hivyo, hoja hiyo ikipimwa kama biashara ya kuuza hesabu kwa dunia, naona inashindwa. Klasta za kukodisha zinakwenda palipo na umeme wa bei ya chini usiokatika, baridi ya bure na njia nyingi za intaneti. Iceland ina vyote vitatu: umeme wa maji na wa joto la ardhini, hewa ya kupozea mwaka mzima, na nyaya za baharini kadhaa. Mtwara ina joto la pwani na njia moja kuu ya kwenda kaskazini. Mei 2024, kimbunga Hidaya na mvua zake vilipokata barabara maeneo ya Somanga, magari yalikwama kwa siku kadhaa na kusini ikawa kama kisiwa. Isitoshe, jengo lililojaa seva huajiri walinzi wachache na mafundi wachache zaidi. Anayepigania ajira za vijana wa Chikongola na Magomeni, mjini Mtwara, asitazame huko.

Mwezi ule ule wa Mei 2024 ulitoa somo jingine. Tarehe 12, nyaya za intaneti za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Aliyekuwa na kazi yake kwenye klasta ya kukodi ng'ambo alikaa akitazama. Lakini hata siku za kawaida, njia hiyo ina gharama yake. Fremu 1,500 za ubora wa kawaida, faili la picha moja likiwa megabaiti 4, ni gigabaiti 6 za kushusha. Ukitumia aina ya faili inayopendwa na wahariri wa filamu, yenye kina cha rangi, dakika moja hiyo hiyo inaweza kuvuka gigabaiti 30. Jumlisha na kupandisha mandhari yenyewe pamoja na picha za ngozi za vitu vyote. Kwa bando la simu hesabu hiyo inauma, na malipo ya mashine ni ya dola. Kwa kazi ya mwisho yenye mteja anayelipa, kodi. Sina ubishi na hilo.

Ubishi wangu uko kwenye majaribio. Filamu haitoki kwa kurenda mara moja. Taa inasogezwa, inarendwa, inatazamwa, inasogezwa tena. Msanii mwenye laptop moja anajaribu mara moja kwa usiku, kwa hiyo mwezi mzima una majaribio 30. Mwenzake mwenye mashine kumi chumba cha pili anajaribu mara kumi kabla ya chakula cha jioni. Baada ya mwaka, tofauti kati yao haiko tena kwenye mashine. Iko machoni: mmoja ameona taa mbaya mara elfu na anajua ubaya wake unatoka wapi, mwingine bado anaogopa kugusa kitu kwa kuwa kosa litamgharimu usiku. Hapo ndipo klasta inapolipa, na kwa kazi hiyo ukaribu una thamani kuliko nguvu. Mashine dhaifu iliyo mezani pako inakupa jaribio la kumi. Mashine kubwa iliyo Ulaya, ukishamaliza kupandisha faili, inakupa la kwanza.

Na mandhari ya kusini yana deni lake la hesabu ambalo sijaona likisemwa. Chukua mlango wa Ruvuma, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma iliyoanzishwa mwaka 2000. Mkoko mmoja una maelfu ya majani, na kila jani linapitisha mwanga kidogo na kurudisha kidogo. Mizizi yake imesimama kwenye maji, na maji ni kazi ngumu kwa programu: mwale unapinda ukiingia, unapinda ukitoka, unachora mistari ya mwanga inayochezacheza kwenye mchanga wa chini. Maji ya mto yana tope, kwa hiyo mwanga unatawanyika humo badala ya kupita moja kwa moja. Nyuma kuna ukungu wa asubuhi, nao unahesabiwa kama wingu. Chumba cha fleti mjini, kuta nne na sofa, kinarendwa kwa dakika chache. Ufuo wa Msimbati wenye mikoko, povu na jahazi lenye tanga lililochanika unaweza kudai saa kadhaa kwa fremu ile ile. Wanaofundisha kurenda mtandaoni hufundisha sana kwa vyumba na magari. Kijana wa Mtwara akitaka kueleza pwani yake, anaanza na kilicho ghali kuliko vyote.

Zipo njia za kupunguza. Mikoko elfu inaweza kuwa nakala za mikoko mitano iliyogeuzwa pembe mbalimbali, kumbukumbu ya mashine ikabeba mitano tu. Maji ya mbali yanaweza kuwa bapa. Programu za kisasa husafisha chengachenga zenyewe, miale ikapunguzwa hadi sehemu ndogo ya iliyohitajika zamani. Machi 2025 filamu ya Flow kutoka Latvia ilipata Oscar ya katuni ndefu bora. Mwongozaji wake, Gints Zilbalodis, aliitengeneza kwa Blender, kwa kutumia injini ya EEVEE inayotoa fremu kwa sekunde badala ya saa, na hakuhitaji klasta kabisa. Tena filamu yenyewe imejaa maji, mwanzo hadi mwisho. Je, hilo linafuta hoja yangu? Linaipunguza, na nafurahi, maana linamfungulia mlango mtu mwenye kompyuta moja. Ila injini ya aina hiyo inadai kadi ya picha yenye nguvu, na kadi hizo zimekuwa adimu na ghali tangu kampuni za akili mnemba zianze kuzigombea. Kompyuta kumi za ofisi zisizo na kadi hiyo zinapatikana Mtwara leo. Kadi moja ya kisasa inaagizwa Dar, kwa bei inayoweza kuzidi ya mashine tatu za mtumba.

Umeme ndio wasiwasi wa kila mtu, na ndio unaonishangaza, kwa kuwa kurenda kunavumilia kukatika kwa umeme kuliko kazi nyingi za kompyuta. Siri iko kwenye jinsi unavyohifadhi. Wanaoanza huamuru programu itoe faili moja la video, na umeme ukikatika kwenye fremu ya 1,400 wanapoteza zote. Ukiamuru itoe picha moja moja, kila fremu ikaandikwa kwenye diski na namba yake, kukatika kunakula zile tu zilizokuwa mezani wakati huo. Umeme ukirudi, foleni inaangalia namba zilizopo, inaendelea na zilizobaki. Kwa mashine kumi na fremu za dakika 10, hasara kubwa kabisa ni fremu kumi. UPS ndogo kwa mashine inayobeba diski ya pamoja inatosha. Nyingine zizimike tu. Mashine ziamriwe kwenye BIOS zijiwashe zenyewe umeme unaporudi, ili mtu asilazimike kuamka saa nane za usiku.

Gharama nayo inahesabika. Mashine ya mezani ikirenda inavuta kama wati 250. Saa 250 za ile dakika moja ya katuni ni uniti 62 na nusu, na kwa bei ya mtumiaji wa kawaida, inayozidi kidogo shilingi 350 kwa uniti pamoja na kodi, ni kama shilingi 22,000 za LUKU. Idadi ya mashine haibadilishi jumla hiyo: moja kwa siku kumi au kumi kwa siku moja, uniti ni zile zile. Kinachoongezeka ni joto. Wati zote zinazoingia zinatoka kama joto, na mashine kumi chumbani ni kilowati 2.5, zinazotaka AC ya BTU 12,000 ambayo nayo inakula umeme wake. Kusi likivuma, Juni hadi Agosti, usiku unapoa na mtu anashawishika kufungua madirisha akaokoa AC. Lakini Mtwara upepo huo unabeba chumvi. Ndani ya miaka michache, miguu ya RAM na soketi za ubao mama zinaota kutu ya kijani, mashine inaanza kujizima bila sababu, na fundi anahangaika na programu wakati ugonjwa uko kwenye chuma. Ningefunga madirisha, nikalipia AC, na kusafisha soketi kila baada ya miezi michache.

Mashine zenyewe zitoke wapi? Kuna njia ya misaada, na historia yake inafundisha. DIT Dar es Salaam ilipata kompyuta kuu ya familia ya PARAM kutoka India. Mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Texas kilipoizima Ranger, iliyokuwa kati ya kompyuta kubwa za utafiti duniani, rafu zake zilisafirishwa hadi Afrika Kusini ili zigawanywe kwa vyuo vya ukanda huu, Tanzania ikiwemo. Nia ilikuwa njema. Ila seva ya zamani inakula umeme mwingi kwa hesabu kidogo, inataka chumba chenye ubaridi mkali, na inataka mtu aliyesomea. Kwa kurenda, kompyuta ya ofisi ya miaka mitano iliyopita inaweza kuishinda kwa kila uniti ya LUKU.

Na kompyuta za aina hiyo tayari zipo mjini. VETA ipo, TIA ina kampasi, Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris kipo, Shule ya Sekondari ya Ufundi ipo, na vyuo vya ualimu vipo. Maabara ya kompyuta hufunguliwa asubuhi, hufungwa jioni, na usiku wote imelala. Studio kubwa duniani hutumia kompyuta za wasanii wao kurenda usiku wenye nazo wakienda nyumbani, na mtandao wa SheepIt unaunganisha mashine za watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali kwa kazi hiyo hiyo. Maabara ya mashine 20 ikirenda saa 12 kila usiku inatoa saa 240 za mashine, karibu dakika nzima ya katuni yetu ya mfano kila kunapokucha. Hakuna jengo jipya. Kunahitajika Blender na Flamenco ndani ya kila mashine, swichi ya gigabiti, diski, na makubaliano ya nani analipa uniti.

Makubaliano hayo ndiyo magumu. Mkuu wa chuo atauliza mashine zikiungua zitalipwa na nani, na ana haki ya kuuliza. Ningependekeza klasta iwe na wateja wa aina mbili tangu mwanzo: wanafunzi, wanaorenda bure kwa zamu, na wachora ramani wa mjini, wanaolipia kwa saa ya mashine, kwa shilingi, bei ikifunika umeme na kuweka akiba ya vipuri. Msimu wa nyumba unakuja baada ya korosho. Miezi mingine foleni inabaki ya wanafunzi. Wachora ramani wanapata picha zao usiku huo huo na laptop zao zinapumua.

Hapo kuna kizuizi kimoja ambacho lazima kitatuliwe kabla ya swichi kununuliwa. Wachora ramani wengi hutumia Lumion, na Lumion haigawanyi kazi kwenye mashine nyingi. Inategemea kadi moja ya picha kwenye kompyuta moja. V-Ray inagawanya, ila kila mashine inataka leseni. Kwa hiyo klasta ya programu za bure ina maana pale tu mchoraji anapokubali kuhamishia nyumba zake kwenye Blender, na hilo ni mafunzo ya wiki kadhaa kwa mtu ambaye ana wateja wanaosubiri. Mafunzo hayo yangepangwa baada ya Pasaka, kazi zikiwa zimepungua, na yangeanza na zile nyumba walizokwisha kuzichora wenyewe, si na mifano ya kwenye mtandao: bati lile lile, madirisha yale yale, na uani minazi mitano inayorudiwa mpaka ijae.